Mguu wa Kushoto wa Aminieli

Mume wangu Aminieli akishika usukani kutoka Mbeya kuja kwao Meru, mkoani Arusha, hata askofu akisimama kando ya barabara na majoho yake yote akapunga mkono, ataachwa hapo hapo. Hasimami. Nimeishi naye miaka mingi na nimemzoea kwa mengi, lakini hilo sijalizoea na sina mpango wa kulizoea. Nayasema haya nikiwa nimejaa shukrani hadi kooni, kwa hiyo msidhani namsema vibaya. Namsema tu.

Wala ugonjwa huo si wake peke yake. Wameru wanaoishi Mbeya wana kundi lao la WhatsApp, na humo wanaume hawaulizani hali, wanaulizana mtu amefika saa ngapi. Ukikaribia nyumbani unapiga picha ya Mlima Meru ukionekana kwenye kioo cha mbele, unaituma, na wenzako wanaangalia saa. Gidion, fundi umeme, ndiye bingwa wao. Krismasi moja alifika jua likiwa bado kali, na tangu siku hiyo Aminieli hakuwa na raha. Akajitungia mbinu zake. Hanywi maji tangu usiku wa kuamkia safari ili kibofu kisimsumbue. Anakula mayai ya kuchemsha na mihogo mikavu akiwa anaendesha. Akijaza mafuta Dodoma hashuki, analipa kupitia dirishani, huku mimi nakimbia chooni kama mwizi na kurudi kitenge kikiwa nusu kimefungwa, injini inaunguruma.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuharakisha, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri, ndiyo maana sikubishana naye sana. Mama mkwe wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitusalimia kwa kutupapasa usoni, na sasa tukaambiwa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Ibada yake ya shukrani ilipangwa Jumapili, na Jumamosi jioni kondoo angechinjwa nyumbani. Katika familia yao kondoo wa shukrani hachinjwi mpaka mtoto wa kwanza afike, amwekee mkono mgongoni. Mtoto wa kwanza ni Aminieli.

Basi tukaondoka Mbeya bado giza, tukakata Iringa, tukashuka Mtera, tukapita Dodoma. Gari letu ni la otomatiki. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta na breki, wa kushoto hauna kazi yoyote, umekunjwa tu pale chini kutwa nzima. Baada ya Kondoa nikamwona anajigeuzageuza kwenye kiti na kujipigapiga ngumi kwenye paja.

"Baba Brenda, simama unyooshe miguu."

"Mguu umekufa ganzi tu. Utaamka wenyewe."

Tulipoacha Babati macho yake nayo yakaanza kuwa mazito. Tairi likapanda ukingo wa lami, kokoto zikaruka, nikampiga kofi la bega hadi mkono ukaniuma.

"Nilikuwa nawaza," akasema.

"Unawaza umefumba macho?"

Alifungua dirisha, akakohoa kidogo, akaendelea. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wakwe zangu wanasoma. Tulipofika Kisongo wingu likafunguka na mlima wote ukatoka, akapiga kelele kama mtoto, "Piga picha, Mama Brenda, piga kabla haujajificha!" Nikapiga. Picha ilitoka vizuri, na Gidion akashindwa kwa dakika chache. Foleni ya Ngarenaro ilipotubana nikamshauri atumie nafasi hiyo ashuke kidogo. Akaniangalia kama niliyemtukana.

Tulifika nyumbani, juu ya Tengeru, jua likiwa bado linagusa migomba. Mama mkwe alikuwa amesimama uani bila mtu wa kumshika mkono. Alituona tangu getini, na kabla sijafungua mdomo kutoa shikamoo akaniita.

"Mama Brenda! Jamani, umenenepa!"

Nikalia. Mtu ambaye kwa miaka hakuoni akikuambia umenenepa, mimi sijui salamu tamu kuliko hiyo. Akanishika mashavu, akaniangalia na macho yake mapya, akacheka, wanawake wa jumuiya waliokuwa wanamenya ndizi wakapiga vigelegele.

Aminieli alishuka nyuma yangu. Mguu wa kushoto ulikataa. Alishika mlango wa gari, akajikokota hadi alipofungwa kondoo, na badala ya kumwekea mkono mgongoni akamwegemea kwa uzito wake wote mpaka mnyama akalia. Watu wakacheka. Mama yake hakucheka.

"Huo ni uchovu wa barabara," akasema. "Mleteni ndani nimkande."

Hapa niseme jambo. Sisi Waarusha na wao Wameru tunabishana kwa mengi. Mimi ni binti wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, na tangu niolewe nimesikia utani wote uliopo kuhusu watu wa upande wetu. Hatukubaliani hata ndizi ziwekwe kiasi gani kwenye chakula chetu cha loshoro. Lakini kuhusu mafuta ya kondoo hatujawahi kutofautiana. Mtoto akizaliwa anapakwa, mtu akiteguka anakandwa nayo, kifua kikibana unakunywa kijiko. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nilikwenda jikoni kuyayeyusha.

Niliporudi na bakuli, Aminieli alikuwa amekalishwa kwenye kochi, suruali imekunjwa hadi juu ya magoti, mama yake amekaa kwenye kigoda mbele yake na beseni la maji ya moto ubavuni. Ila baba mkwe, mzee Daniel, alikuwa ameshasimama. Yeye ni mzee wa kanisa, na kwake msafiri haguswi hata na maji kabla Mungu hajashukuriwa kwa ajili ya safari. Tukainamisha vichwa.

Sala za baba zina sifa yake. Huwa hashukuru safari kwa jumla, anaishukuru mji kwa mji. Nimeshawahi kusinzia katika sala zake, na nimeshawahi kuzilalamikia kwa mume wangu tukiwa wawili. Alipofika Mtera na lile bwawa nilikuwa bado nimefumba macho. Alipofika Dodoma, makao makuu na viongozi wake, bakuli likaanza kuniunguza vidole. Nikafumbua macho ili nilihamishie mkono wa pili, na ndipo nikaiona ile miguu miwili, imekaa pamoja.

Wa kulia ulikuwa mguu wa Aminieli ninaoujua, mwembamba, una kovu la jembe. Wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Ulikuwa umejaa kuanzia kifundo hadi kupita goti, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Nikasogea taratibu, nikaugusa kwa mgongo wa kidole. Ulikuwa wa moto.

Mguu mmoja tu. Uchovu ungevimbisha yote miwili.

Nilikuwa nimeshauona mguu huo. Dada yangu Namnyaki alipojifungua mtoto wake wa pili, wiki haijaisha, mguu wake mmoja ulivimba hivyo hivyo, ukang'aa hivyo hivyo, ukawa wa moto. Mama yetu akayeyusha mafuta ya kondoo akamkanda asubuhi na jioni, kwa upendo wote wa mama. Siku ya tatu, akiwa anakandwa, Namnyaki alishika kifua, akasema hewa haitoshi, na hakusema kitu kingine. Muuguzi alitueleza baadaye kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na bonge la namna hiyo likisukumwa hung'oka, hupanda hadi kwenye mapafu. Kwa wakwe zangu sikuwahi kueleza. Walichojua ni kwamba dada yangu alifariki kwa uzazi, na mimi niliacha iwe hivyo kwa ajili ya mama yangu.

Sasa nimesimama na bakuli la mafuta, baba yuko Kondoa, na ninajua kwamba akisema amina ile mikono itashuka kwenye ule mguu. Na mikono yenyewe ni ya mama mkwe, nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, siku ya furaha yake. Mkwe hamzuii mama mkwe kumshika mwanaye. Kwetu hakuna, na kwao hakuna. Nilimwomba Mungu baba aendelee. Mimi, niliyekuwa nazilalamikia sala zake, nikamwomba Mungu ampe baba miji zaidi. Akanipa Babati, akanipa Minjingu, akanipa Makuyuni. Kufika Makuyuni nilikuwa nimeshaamua.

"Amina."

"Lete, mwanangu," mama akasema, akanyoosha mkono.

"Mama, naomba usimkande."

"Lete, mafuta yatapoa."

Nikaliweka bakuli chini mbali naye. Mama, kwa kudhani ni uchovu wa safari unanisemesha, akachovya mikono kwenye maji ya moto na kuinyoosha kwenye paja la mwanaye. Nikapiga magoti nikamshika viganja vyote viwili. Nilivishika kwa nguvu.

Kisu cha mtu kikadondoka uani nikakisikia.

"Mama Brenda," mama akasema polepole, "ni mimi unayenishika hivi?"

"Ni wewe, mama. Nisamehe. Usimguse huo mguu."

Shangazi Tabitha, dada wa baba mkwe, ambaye hajawahi kukosa neno, akalipata. "Ndiyo hayo sasa, mambo ya kuoa ng'ambo ya mlima. Mama wa watu amezaa, amelea, leo anafukuzwa kwenye mguu wa mwanawe!"

Na Aminieli, huyo ninayempigania, akaongeza yake. "Wewe mwanamke, acha nikandwe. Unaniaibisha. Ni uchovu tu."

Sikuwajibu hao wawili. Nilimwangalia mama machoni, naye sasa alikuwa ananiona, na nikamweleza habari za Namnyaki. Nilimweleza zote, mguu, mafuta, mikono ya mama yangu, kifua. Nilipomaliza nikaachia viganja vyake, maana nisingeweza kumshika mtu mzima milele. Kama angetaka kuendelea, angeendelea. Nyumba ni yake na mtoto ni wake.

Mama aliinama akautazama ule mguu wa kushoto, akautazama wa kulia, akarudi kwenye wa kushoto. Kisha akafuta mikono yake kwenye kitenge, kidole kwa kidole, akasimama.

"Nani anaendesha?" akauliza. "Anakwenda hospitali sasa hivi."

Amini usiamini, Aminieli alinyoosha mkono kutafuta ufunguo. Nikamnyang'anya. Leseni ninayo, ila kwa miaka yote imekuwa pambo, kwa sababu bwana huyu hakai kiti cha abiria. Tulimlaza siti ya nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mapaja ya mama yake. Nikawa namwona mama kwenye kioo cha ndani. Mikono yake alikuwa ameiinua, ameikunja kifuani, anaogopa hata kitambaa cha gauni lake kisimsugue mwanaye. Alikaa hivyo njia nzima.

Kutoka Tengeru Aminieli alianza kunifundisha kazi. "Mpite huyo. Mbona unampisha huyo? Hiyo ni taa ya kijani, Mama Brenda, kijani!" Nilimjibu kila neno kwa maneno mawili. Halafu akanyamaza. Mume wangu hanyamazi mtu mwingine akiendesha. Nikaangalia kioo, nikaona ameweka mkono kifuani.

"Hewa kama nzito," akasema.

Sijui niliendeshaje kuanzia hapo. Nakumbuka mama akianza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kimeru, taratibu, bila kutikisa mapaja. Nakumbuka bodaboda mmoja aliyeona taa zangu za hatari, akatangulia mbele yangu akiwapungia watu mkono wapishe hadi geti la hospitali, kisha akageuza akaondoka. Sikuona hata uso wake. Popote alipo, Mungu ambariki na pikipiki yake.

Daktari aliyempokea ni dada mmoja mdogo mwenye sauti ya upole, Dokta Lilian. Alipima mguu kwa ile mashine ya picha, akampima na kifua. Bonge lilikuwa pale, refu, nyuma ya goti likipanda pajani, na kipande kidogo kilikuwa kimeshatangulia kwenye pafu. Wakamchoma sindano ya tumboni ya kuzuia damu isiendelee kuganda, wakamwekea hewa ya oksijeni. Dokta aliuliza alikuwa amekaa kwenye gari tangu saa ngapi, na alikunywa nini njiani. Aminieli akaangalia dari. Nikamjibia mimi, na nilijibu kwa ukamilifu, pamoja na mihogo.

"Baba," Dokta akamwambia, "kila saa mbili unasimama, unashuka, unatembea, unakunywa maji. Ukihitaji kukojoa, huo ndio wakati mzuri wa kusimama tena. Mguu usipotembea, damu inalala humo."

"Nimeelewa, daktari."

"Na huo mguu, kuna mtu aliukanda?"

"Hapana," nikasema.

"Mshukuruni Mungu," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumapili asubuhi Aminieli alikuwa anapumua vizuri na ameanza kulalamikia uji. Nilifurahi sana kumsikia akilalamika. Aliomba simu yake, akaupiga picha ule mguu na kuituma kwenye kundi lao, chini yake akaandika: "Nimefika wa kwanza. Hapa ndipo nilipofika." Wa kwanza kuandika alikuwa Gidion. "Kaka, pole. Na mimi wangu huwa unavimba. Nilidhani ni viatu." Mwingine akaandika kwamba alishawahi kujikuta ameingia shambani kwa watu huko Manyoni, hajui alitokaje barabarani. Mwingine akauliza dalili. Aminieli alisoma zote, kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nikaweka mkono mgongoni mwake nikamwacha alie. Baadaye akaniambia, "Mama Brenda, nilikuambia unaniaibisha." Nikamwambia nilimsikia. Akasema, "Asante." Neno hilo kwake si rahisi, na nililipokea lilivyo.

Mchana mama akaja. Alikuwa ametoka moja kwa moja kanisani, kwenye gauni jipya la shukrani, kilemba kimesimama, wageni wake amewaacha nyumbani wanakula. Kondoo alikuwa hajachinjwa. Alimwangalia mwanaye aliyekuwa amelala, akaangalia kifua kikipanda na kushuka, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akaniashiria tutoke kwenye korido. Nikajua yamefika. Nilikuwa nimemshika mama mkwe mikono mbele za watu, na Shangazi Tabitha alikuwa amepata usiku mzima wa kuongea.

Tukakaa kwenye benchi. Hakuanza na hayo.

"Mama Brenda, usinifiche. Ningemkanda, ingekuwaje?"

Nilimfikiria mama yangu huko Oldonyo Sambu. Swali hilo hilo alimuuliza yule muuguzi, na muuguzi, kwa kutojua anaongea na nani, alimjibu. Tangu siku hiyo mama yangu hajamkanda mtu. Wajukuu wakiumia anawaita majirani.

"Mama," nikasema, "hukumkanda."

"Nilikuwa nimeshanyoosha mikono."

"Ulinyoosha. Nikakuambia, na mbele ya watu wako wote ukaacha. Ungeweza kunifukuza, mama, ukaacha. Yangu yalikuwa maneno tu. Aliyemwacha hai ni wewe, na mimi ndiye ninayepaswa kukushukuru."

Alinitazama na yale macho yake mapya, yakajaa. Akaichukua mikono yangu, ile niliyomshika nayo, akaifungua viganja juu, akaipaka mate kidogo katikati, kama wazee wanavyobariki. Kwao hufanyiwa binti wa kuzaa.

"Mama yako yu hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Aminieli akiruhusiwa, utanipeleka kwake. Nataka mimi ndiye nimwambie kwamba hata mikono yangu ilikuwa imeshanyooka."